Thamani ya Mtu Haipimwi kwa Simu



Somo letu katika toleo hili ni kujithamini, na namna mitandao ya kijamii inavyoweza kumfanya mtu ajione si kitu. Huenda mtu akauliza: jambo la moyoni linaihusu vipi polisi? Linaihusu kwa sababu tapeli humtafuta kwanza yule aliyekwisha kujidharau.

1. Jinsi tunavyojilinganisha

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba binadamu akikosa kipimo cha wazi cha kujipimia, hujilinganisha na wenzake. Zamani kijana alijilinganisha na aliosoma nao na kulima nao. Aliyajua mafanikio yao, na shida zao pia alizijua. Leo, kwa simu, hujilinganisha na watu wa Kampala, Nairobi na Dubai, na hata na jamaa aliyehamishiwa Marekani au Kanada.

Jamaa huyo huonyesha gari na koti jipya. Haonyeshi zamu za usiku, kodi ya nyumba wala upweke wa majira ya baridi. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Picha hutuonyesha kinachoelea. Jasho la kukiunda halipigwi picha.

Tena picha nyingi hurekebishwa na programu zinazolainisha ngozi na kubadili umbo la uso. Msichana huzitazama, kisha hujitazama kiooni na kuona kasoro zisizokuwapo. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alifichua nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Watafiti wake walikuwa wamegundua kwamba, miongoni mwa wasichana waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, 32 kati ya 100 walisema Instagram iliwazidishia hali hiyo.

Hatusemi simu itupwe. Simu hiyohiyo imewaunganisha ndugu waliotenganishwa na vita. Tunachosema ni kwamba itumiwe kwa macho yaliyo wazi.

2. Mlango anamopitia tapeli

Anayejiona duni huwa na kiu ya kusifiwa, na tapeli huijua kiu hiyo. Hila zake za kawaida ni hizi:

- Mgeni humsifu msichana au mvulana siku nyingi, kisha humwomba picha za utupu. Akizipata, hudai fedha na kutishia kuzisambaza.
- Mwingine huahidi kazi ya mshahara mnono ng'ambo, na humsihi kijana avuke mpaka bila kuwaaga wazazi. Hii yaweza kuwa biashara ya binadamu, ambayo Uganda ina sheria dhidi yake tangu mwaka 2009.
- Mwingine hudai ada ili amwingize mkimbizi katika orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Huduma za UNHCR, pamoja na uhamisho huo, ni bure. Anayedai malipo ni mwizi.

3. Tufanye nini?

Kijana, ukitishwa, usilipe. Anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Usifute ujumbe: hifadhi picha ya skrini, namba ya simu na tarehe, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo.

Mzazi au mlezi, neno lako la kwanza lina uzito. Mtoto akitukanwa au kupigwa kwa sababu ya picha, kesho ataficha, na anayemtisha atakuwa ameshinda. Msikilize kwanza; mafunzo yatafuata. Na msifu mtoto kwa kazi anayoifanya nyumbani na shuleni, ili asiende kuomba sifa kwa mgeni.

Jirani, usisambaze picha ya aibu ya mwenzako, hata kwa mzaha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inasema kwamba kusambaza picha za ngono za aliye chini ya miaka 18 ni kosa kubwa.

Toeni taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, na muulizie Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Namba za dharura ni 999 na 112. Kwa masuala ya watoto, pigeni 116. Mkimbizi ana haki ya kusikilizwa sawa na mwenyeji.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na kikundini

1. Ni picha gani uliyoiona juma hili ikakufanya ujione duni? Ni jambo gani ambalo haikulionyesha?
2. Mtoto wako akitishwa usiku wa leo, je, atathubutu kukuamsha?
3. Ni nani hapa kijijini ambaye hajasikia neno la kumtia moyo kwa muda mrefu?

Ulinzi wa jamii huanzia hapo.