Shanga Zinauzwa, Lakini Mikono Inalipwa Nini?



Kutoka Amagoro na Malaba hadi Nambale, Matayos na Funyula, kazi ya mikufu, bangili na herini imependwa na vikundi, na sababu iko wazi. Haitaki shamba, haingoji mvua, na inafanywa kivulini huku mtoto amelala kando. Lakini ukikiuliza kikundi, "Mwezi uliopita mlipata faida ngapi?" jibu mara nyingi ni, "Ah, tuliuza vizuri." Sasa, kuuza vizuri na kupata faida si kitu kimoja. Katika somo hili tutatazama vifaa kwanza, halafu tukae chini na kalamu tupige hesabu ya mkufu mmoja. Tafadhali msiruke hesabu. Ndiyo somo lenyewe.

VIFAA VILIVYO KARIBU NASI

Ushanga wa karatasi ndio rahisi kuanza nao. Wenzetu wa Uganda wameujua siku nyingi. Katika mtaa wa Acholi Quarter, Kampala, akina mama waliokimbia vita vya kaskazini waliviringa karatasi huku wengine wao wakiponda mawe ya kokoto kupata riziki, na kuanzia mwaka 2004 shirika la BeadforLife lilipeleka shanga zao kuuzwa Marekani. Kwa hiyo mkivuka kwenda upande wa pili na shanga za karatasi, jueni mnapeleka kuni msituni. Zenu lazima ziwe na kitu cha tofauti: rangi, umbo, au kuchanganywa na mbegu na mawe.

Chukua kalenda ya zamani au bango la karatasi nzito inayong'aa. Kata pembetatu ndefu, upana kama sentimita 2 kwenye kitako, urefu kama 30, ncha iwe kali. Anza kuviringa kutoka kitako juu ya spoku ya baiskeli au sindano ya kufumia sweta, upande wenye rangi ukiwa nje. Kaza. Ushanga uliolegea hauna dawa, hata upake vanishi mara kumi. Sehemu ya mwisho tia gundi kidogo. Zikikauka, zitunge kwenye uzi, zipake vanishi, zianike, urudie mpaka mara tatu. Vanishi ipakwe nje penye hewa, mbali na jiko na watoto. Wakati wa mvua ndefu usiwe na haraka: ushanga ambao haukukauka sawasawa utanata kwenye shingo ya mteja, na huyo hatarudi.

Mbegu nazo zipo. Zile za kijivu, ngumu, zinazoota kando ya mito, zina tundu la asili na hazihitaji kutobolewa. Zianike vizuri kabla ya kutunga, maana wadudu huingia. Lakini hapa kuna onyo. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinapendeza macho, ila zina sumu kali, hasa zikitobolewa au kutafunwa. Mbarika pia ni sumu. Msizitumie kabisa, kwa sababu watoto hutia shanga mdomoni.

Mfupa na pembe ya ng'ombe ni vifaa halali na vizuri. Pembe ya ndovu, kucha za simba na magamba ya kasa ni marufuku. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu nzito, na kusema "niliuziwa tu" hakutakuokoa.

Uzi msibanie. Nailoni ya wavuvi inapatikana kwa urahisi kule Sio Port na Port Victoria, nayo inashika vizuri. Mkufu ukiisha, utundike kwenye msumari pamoja na chupa ya soda iliyojaa, ulale hivyo usiku mzima. Ukikatika, bora ukatikie kwenu kuliko kanisani siku ya harusi ya mteja.

MAWE: USIUZIWE KIOO

Wengine wanataka kuchanganya mawe ya vito. Ni wazo zuri, kwa sababu vipande vitatu vya jiwe katikati ya mkufu hupandisha bei kuliko shanga thelathini za kawaida. Kenya ina mawe mengi. Tsavoriti ya kijani hutoka Taita Taveta, yakuti nyekundu hutoka huko na Baringo. Hayo ni ya matajiri, tuyaache. Mtu akija na mfuko wa mawe ghafi akisema ni vito vya bei kubwa, mwambieni aende salama. Biashara ya madini inahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na kati ya mawe hayo mengi huwa ni chupa zilizovunjika.

Ya kutufaa ni vipande vidogo vilivyokwisha kutobolewa, kama akiki, na jiwe laini la Kisii linalochimbwa Tabaka. Hilo la Kisii linachongeka kwa kisu na kutobolewa kwa mkono, lakini kwa sababu ni laini hukwaruzika haraka. Litumie kwa herini na mikufu, si kwa bangili inayogongana na sufuria kila siku.

Utajuaje jiwe? Liweke shavuni. Jiwe na kioo huwa baridi, plastiki hupata joto mara moja. Gusa ndani ya tundu kwa sindano iliyopashwa moto: plastiki itayeyuka na kunuka. Kioo, ukikiangalia mbele ya jua, mara nyingi kina mapovu madogo ndani. Na rangi? Chovya pamba katika dawa ya kuondolea rangi ya kucha, usugue. Feruzi nyingi za buluu zinazouzwa kwa bei ya chini ni mawe meupe yaliyotiwa rangi, na pamba itawaambia. Si dhambi kuuza jiwe lililotiwa rangi. Shida ni kuliita feruzi.

Jambo moja kuhusu ndoano za herini. Zile za bei ya chini sana huwa na nikeli, na watu wengi masikio yao huwasha na kuvimba. Ongezeni shilingi chache mpate ambazo hazina. Mteja mmoja mwenye sikio lililovimba atawaambia wenzake wote wa kwaya.

HESABU YA MKUFU MMOJA

Tuchukue mkufu wa shanga 60 za karatasi, zikiwa na shanga ndogo za kioo katikati. Bei hizi ni za mfano. Ninyi wekeni zenu.

Gundi na vanishi: sh. 48
Shanga za kioo: sh. 30
Uzi na kifungo: sh. 12
Jumla ya vifaa: sh. 90

Vikundi vingi huishia hapo. Wanasema, "Vifaa ni 90, tuuze 150, tumepata 60." Wanapiga makofi. Lakini nani aliviringa zile shanga? Hata aliyezoea hutumia dakika 2 kwa ushanga mmoja. Shanga 60 ni saa 2. Ongeza saa moja ya kukata, kupaka na kutunga. Jumla saa 3. Tuseme mama huyo akienda kibarua cha kupalilia angelipwa sh. 50 kwa saa. Basi:

Vifaa: sh. 90
Kazi, saa 3: sh. 150
Nauli, ushuru wa soko, na zilizoharibika: sh. 20
Jumla: sh. 260

Kwa hiyo mkufu uliouzwa 150 haukuleta faida ya 60. Ukitoa vifaa na nauli, zilibaki sh. 40 kwa saa 3 za kazi, yaani kama sh. 13 kwa saa. Hakuna mtu ambaye angekubali kupalilia shamba la jirani kwa bei hiyo, lakini tunajilipa hivyo wenyewe tukicheka. Ndiyo sababu vikundi hufa baada ya mwaka mmoja, na watu husema wanachama walikuwa wavivu. Hawakuwa wavivu. Walichoka kufanya kazi ya bure bila kujua kwamba ni ya bure.

Basi tufanye nini? Kupandisha bei hadi 300 ni njia moja, lakini si kila mteja wa Malaba ana 300. Njia ya pili ni kupunguza saa. Tumia shanga 30 za karatasi badala ya 60, na nafasi ijazwe na mbegu na kioo zaidi kidogo. Gundi na vanishi inashuka hadi 24, kioo kinapanda hadi 50, uzi ni ule ule 12: vifaa 86. Kazi inakuwa saa 2, yaani 100. Pamoja na 20 za nauli, jumla ni 206. Mmeokoa sh. 54 katika mkufu mmoja, na pengine unapendeza zaidi.

Njia ya tatu ni herini. Watu huzidharau kwa sababu ni ndogo, lakini tazameni. Vifaa sh. 25, kazi dakika 20 ambazo ni kama sh. 17, nauli na mengine sh. 5. Jumla 47. Ziuzeni 80, na mikono ikiwa imekwisha kulipwa bado kikundi kinabaki na 33. Kwa maoni yangu, kikundi kinachoanza kiuze herini kwa miezi sita ya kwanza, na mikufu itengenezwe kwa oda tu.

MNUNUZI NI NANI?

Msingojee watalii. Barabara yetu ni ya malori. Vikundi vya Maasai Market kule Nairobi vina wageni wao, na ile kazi ya Kazuri, iliyoanza Karen mwaka 1975 kwa shanga za udongo, imejengwa kwa miaka mingi. Hata mpango wa serikali wa Ushanga, ulioanza 2017, ulielekezwa kwa kaunti saba za wafugaji, na Busia haimo. Mnunuzi wetu ni mwalimu, muuguzi, kwaya inayotaka mikufu ya sare moja, bibi harusi, na dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni Malaba anayemtafutia mkewe zawadi. Huyo dereva ana haraka na hapendi kuchagua. Mwekee tatu tu mkononi, zikiwa safi katika mfuko, bei imeandikwa.

Usisahau pia shanga za kiunoni, utunda. Wateja wake hawapigi kelele, lakini wanarudi.

PESA MBILI NA MPAKA MMOJA

Sisi wa mpakani tuna hesabu ya ziada ambayo wenzetu walio mbali na mpaka hawana. Mteja kutoka upande wa pili anakwambia, "Mama, mimi nina za Uganda." Tuseme siku hiyo shilingi moja ya Kenya ni 28 za Uganda. Mkufu wa 300 ni 8,400. Umepokea, umefurahi. Jioni unaenda kwa mbadilishaji, naye anataka 30 kwa kila shilingi moja ya Kenya. Gawa 8,400 kwa 30, unapata 280. Kama gharama yako ilikuwa 260, faida ilikuwa 40, na nusu imebaki kwa mbadilishaji. Kwa hiyo kila asubuhi uliza kwanza bei ya *kuuza* za Uganda, na utumie hiyo kupanga bei yako. Au za Uganda zitumieni kununulia vifaa Kampala bila kubadilisha.

Kuhusu kuvuka na mali. Eneo hili ndilo lililozaa neno bodaboda, wakati vijana wa baiskeli walipobeba watu kutoka boda hadi boda, kwa hiyo kuvuka tunakujua. Njia za panya pia tunazijua. Lakini mzigo ukikamatwa kwenye njia ya panya, unapoteza mtaji wa kikundi kizima kwa siku moja, na mwanamke aliye peke yake kichakani anaweza kupoteza zaidi ya mzigo. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018, na maofisa wa nchi zote mbili wako mahali pamoja. Kuna utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya na ulio katika orodha iliyokubaliwa, unapata cheti rahisi cha asili ya bidhaa na haulipi ushuru wa forodha. Kabla ya kubeba mzigo, nendeni mikono mitupu, wawili pamoja, muulize ofisa wa forodha kama bidhaa zenu zimo, na ada gani nyingine zinalipwa. Mweleze pia zimetengenezwa na nini. Mikufu mliyotengeneza wenyewe kwa karatasi na mbegu za hapa ni jambo moja, na pakiti za shanga za kioo kutoka ng'ambo zilizobebwa tu kama zilivyo ni jambo lingine. Mkilipa chochote, ombeni risiti.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Mwanachama mmoja atengeneze mkufu, mwingine amwangalie kwa saa. Andikeni dakika za kila hatua. Ni hatua gani inakula muda zaidi?

2. Jazeni hesabu ya mkufu wenu kama tulivyofanya hapo juu, kwa bei za duka lenu. Kibarua cha shamba kwenu ni shilingi ngapi kwa saa?

3. Kama mmekuwa mkiuza chini ya gharama, nani alikuwa akilipa tofauti hiyo? Mweka hazina asijibu peke yake. Kila mtu aseme.