Kwa Nini Wakristo Wapendane?

SWALI: Hapa Kiminini, Trans Nzoia, tuna Wakatoliki, Marafiki (Quaker) na wengineo, na kila jamaa husali peke yao. Je, haitoshi mtu kumpenda Mungu?

JIBU: Ndugu msomaji, haitoshi, kwani Bwana Yesu, usiku ule alipowaosha wanafunzi wake miguu, aliwausia kupendana kwa namna ya amri, wala si nasaha tu, akaufanya upendo huo kuwa alama ya kuwatambulisha mbele ya walimwengu (Yohana 13). Na amri hii ina uzito wake katika Trans Nzoia, ambako baada ya uhuru wa Kenya wa 1963 mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa, wakawa majirani Wabukusu, Wasabaot, Wateso na Wakikuyu. Na fitina zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilidhihirisha kwamba watu waliobatizwa kwa jina moja waweza kufukuzana. Basi mapenzi yasiishie katika salamu za mlangoni pa kanisa: mwenye turubali amwazime jirani mahindi yake yasilowe, mgonjwa ajuliwe hali pasipo kuulizwa dhehebu lake, na aliyekosa aombe radhi mapema, kabla kinyongo hakijarithiwa na watoto.