Mbwa Akimeza Dawa za Binadamu

Katika nyumba nyingi za Temeke, wapangaji hutumia ua mmoja na mbwa wa ulinzi hulala humo humo. Dawa iliyosahaulika barazani humfikia kwa urahisi.

Dawa inayotuponya sisi huweza kumuua mbwa. Parasetamoli huharibu ini lake. Ibuprofeni na diklofenaki husababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Isoniazidi, iliyomo katika vidonge vya kifua kikuu, huweza kumletea degedege kwa muda mfupi.

Tunamshauri mtumiaji achukue hatua hizi:

1. Amwondoe mbwa mahali hapo na kuokota vidonge vilivyosalia.
2. Ahesabu vidonge vilivyopungua na kukumbuka saa vilipomezwa.
3. Ampigie simu daktari wa mifugo mara moja, bila kusubiri dalili, na kumpelekea mbwa pamoja na pakiti ya dawa.
4. Asimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Maziwa hayaondoi sumu, na chumvi nyingi nayo ni sumu.

Usione haya kutaja dawa yenyewe, hata ikiwa ni ya kifua kikuu. Degedege la isoniazidi hutibiwa kwa vitamini B6, lakini daktari asiyeambiwa hataitumia kwa wakati.

Mgonjwa aliyepoteza vidonge vyake arudi kliniki apewe vingine, asikatishe dozi. Tunasisitiza: dawa zote zihifadhiwe kabatini, mbali na watoto na wanyama.