Nyumba Huandaliwa, Jina Husubiriwa: Kumpokea Mtoto Mchanga Kitui na Makueni

Makala haya yanajadili namna nyumba inavyoandaliwa kumpokea mtoto mchanga katika Kitui na Makueni. Nami natarajia mtoto wangu wa kwanza mwezi ujao. Msomaji asitafute hapa utulivu wa mtafiti aliyekaa kando.

Nilipofika nyumbani na shuka, beseni na jina nililolichagua maktabani, mama aliniuliza swali moja tu: maji yako wapi? Swali hilo lina mizizi. Katika eneo hili kame, mito mingi hutiririka msimu wa mvua tu. Baadaye watu hufukua mchanga kuyatafuta maji, na punda huyabeba kwa mitungi. Mwanamke aliyetoka kujifungua hawezi kuteremka mtoni. Kwa hivyo mitungi hujazwa mapema, kuni hupangwa, na unga wa uji (usuu, kwa Kikamba) husagwa. Sehemu kubwa ya kazi hizi huwaangukia wanawake majirani, wale wale wa mwethya, ushirika wa kusaidiana unaojulikana pia kwa kulima na kujenga mabwawa ya mchanga. Sisi wanaume twajisifu kwa beseni.

Jina, hata hivyo, lilisubiri. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alieleza mwaka 1969 kwamba kwa jadi ya Wakamba mtoto alipewa jina siku ya tatu. Siku ya nne baba alimvika mkufu, na hapo ndipo alipohesabiwa kuwa binadamu kamili. Kabla yake alikuwa bado wa mizimu. Majina mengine yalirithiwa kwa babu na nyanya. Mengine yalitokana na hali aliyoikuta mtoto: Wambua na Mumbua wa mvua, Mutuku na Nduku wa usiku, Kioko wa asubuhi. Jina lililochaguliwa miezi mitatu kabla lingejuaje kama mvua itanyesha?

Leo wengi huzaliwa hospitalini. Mjini Wote, hospitali ya akina mama na watoto ilifunguliwa mwaka 2018, na simshauri yeyote ajifungulie nyumbani kwa ajili ya jadi. Lakini mara nyingi jina huulizwa kitandani, nasi hudhani ni lazima tujibu papo hapo, ilhali sheria ya Kenya inatoa miezi 6 ya kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto. Siku 3 zinaenea humo bila kubanana.

Jina langu la maktabani nimelirudisha kitabuni. Mitungi imejaa, mvua za Oktoba bado hazijaanza.