Kuchuja Barua Taka Wakati Mkaguzi Anapoanzishwa Upya

Barua ipelekwayo kwa kompyuta hupita mikononi mwa programu mbili kabla ya kumfikia mwenyewe. Ya kwanza ni mpokeaji, yaani seva ya barua, ambayo huipokea kutoka kwa seva ya mpelekaji. Ya pili ni mkaguzi, ambaye huisoma ili atambue kama ni barua taka au imebeba virusi. Katika vituo vingi programu hizi ni mbalimbali: mpokeaji humkabidhi mkaguzi barua, akangojea hukumu yake.

Mkaguzi hana budi kuanzishwa upya mara kwa mara. Kanuni za kutambulia barua taka hubadilika, alama za virusi huongezwa, na programu yenyewe hurekebishwa. Pengo hilo laweza kuwa la sekunde chache au dakika kadhaa, lakini barua haziachi kuja. Je, mpokeaji aifanyeje barua inayofika wakati mkaguzi hayupo?

Njia tatu

(a) Kuipitisha bila kukaguliwa. SpamAssassin, programu iliyotolewa kwanza mwaka 2001, hufuata njia hii isipoagizwa vingine. Tarishi wake, aitwaye spamc, akishindwa kumfikia mkaguzi baada ya kujaribu mara 3, huirudisha barua kama ilivyokuja. Hoja ya njia hii ni kwamba barua njema haichelewi. Hatari yake ni kuwa barua moja tu ya ulaghai yatosha kumwibia mtu neno lake la siri.

(b) Kuikataa kabisa. Mpokeaji hujibu kwa namba inayoanza na 5. Seva ya mpelekaji haijaribu tena, bali humrudishia mwenyewe taarifa kwamba barua imekataliwa. Tuseme maabara imepeleka majibu ya mgonjwa hospitalini. Hitilafu ya dakika moja itayazuia majibu hayo mpaka mtu aisome taarifa na kuyapeleka tena.

(c) Kuiahirisha. Mpokeaji hujibu kwa namba inayoanza na 4, maana yake: "Sasa siwezi, jaribu tena baadaye."

Kwa nini kuahirisha ni bora

Sababu imo katika utaratibu wa SMTP, ambao Jonathan Postel aliuandika mwaka 1982. Kwa utaratibu huo, dhamana ya barua haihami mpaka mpokeaji ajibu kwa namba 250. Kabla ya hapo, barua ingali katika foleni ya mpelekaji. Toleo la mwaka 2008 linaelekeza kwamba mpelekaji angoje angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na kwa kawaida asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Kwa hiyo mkaguzi akikosekana kwa dakika 2, barua huchelewa, lakini haipotei, wala haiingii bila kukaguliwa.

Iko faida nyingine. Programu nyingi za kutawanya barua taka hazina subira ya kurudi. Hata hivyo, kuahirisha kuna gharama: namba ya siri inayodumu dakika 10 tu yaweza kufika ikiwa imekwisha muda wake. Kwa sababu hiyo haitoshi kuahirisha; yafaa pengo lenyewe lifupishwe.

Kulifupisha pengo

Kwanza, wawepo wakaguzi wawili, na waanzishwe upya kwa zamu. Wa pili asisimamishwe mpaka wa kwanza athibitike kuwa anafanya kazi. Kuwapo kwa programu katika orodha ya kompyuta si uthibitisho, kwani huenda bado inasoma kanuni zake. Uthibitisho ni barua ya majaribio yenye maandishi ya GTUBE, ambayo wachujaji wengi hutakiwa kuyahesabu kuwa taka.

Pili, mkaguzi apakie orodha mpya kabla ya kuiacha ya zamani. ClamAV, mkaguzi wa virusi, ilipata uwezo huo katika toleo 0.103 la mwaka 2020. Kabla ya hapo ukaguzi ulisimama wakati wa kupakia. Gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta, kwani kwa muda mfupi orodha zote mbili hukaa humo pamoja.

Tatu, muda wa kungoja uwekewe mpaka. Mpelekaji hutakiwa kungoja dakika 10 baada ya kumaliza kutuma barua. Mpokeaji akikawia kupita hapo, mpelekaji hukata mazungumzo na kuituma upya. Na kama nakala ya kwanza ilipokewa, mwenyewe atapata barua mbili.

Msimamizi wa seva asidhani kwamba programu zote zina desturi moja. Postfix inapotumia mkaguzi wa aina ya milta huahirisha isipoagizwa vingine, ilhali spamc hupitisha mpaka aongezewe agizo la -x. Jambo la busara ni kumsimamisha mkaguzi kwa makusudi saa za utulivu, kupeleka barua moja, na kutazama mpokeaji anajibu kwa namba gani.