Jipu na Koo: Bakteria Wawili, Matibabu Mbalimbali

Hali hii hutokea katika nyumba nyingi. Mtoto analalamika koo. Mama anakumbuka vidonge alivyobakisha kaka mtu alipotokwa na jipu, anampa mdogo. Je, amefanya sahihi? Hapana.

Jipu mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye stafilokokasi. Koo lenye usaha, chanzo kikiwa bakteria, mara nyingi ni streptokokasi. Wote ni viduara vidogo. Lakini chini ya hadubini stafilokokasi hurundikana kama kichala cha zabibu, na streptokokasi hujipanga kama punje za tasbihi. Mtaalamu wa maabara akiwawekea haidrojeni peroksaidi, stafilokokasi hutoa povu, streptokokasi hatoi.

Tofauti hii ina faida gani kwako? Streptokokasi wa koo bado anauawa na penisilini. Stafilokokasi wengi huiharibu dawa hiyo, hivyo huhitaji nyingine. Na jipu dogo huenda likahitaji kukamuliwa hospitalini tu.

Mtoto mwenye streptokokasi huumwa koo ghafla, hupata homa, tezi za shingo huvimba na kuuma. Akiwa na mafua na kikohozi, huenda ni virusi, na antibaiotiki haisaidii. Usibahatishe, mpeleke kituo cha afya. Ugonjwa huu usipotibiwa, wiki 2 au 3 baadaye unaweza kuleta homa ya baridi yabisi: viungo huvimba, na valvu za moyo zinaweza kuharibika maisha yote. Akiandikiwa penisilini ya kumeza kwa siku 10, amalize zote, hata akipata nafuu siku ya 3.

Ama stafilokokasi, hupenda kujificha puani na kwenye ngozi. Usiminye jipu. Lifunike, nawa mikono kwa sabuni, usichangie taulo wala wembe. Mwenye jipu mkononi asipike pilau la shughuli. Bakteria huyu akizaliana kwenye chakula kilicholala nje huacha sumu, na kukipasha moto hakuiondoi. Walaji huanza kutapika baada ya saa chache.

Basi tusirithishane vidonge. Kilichomponya kaka mtu kinaweza kumwacha mdogo wake na moyo mgonjwa.