Kutoka Thika hadi Wasini: Vidokezo vya Mgeni wa Kwale

Viwanda vikifungwa Disemba, wengi wetu wa Thika na Ruiru hushukia Mombasa, tukaoga bahari siku tatu, tukarudi. Safari hii vuka feri ya Likoni, ushike njia ya kusini hadi kwa Wadigo na Wavumba.

1. Kata tiketi ya SGR mapema, maana Disemba hujaa. Mimi hupenda treni ya asubuhi, ile inayosimama Mtito Andei na Voi: Tsavo unaiona mchana kweupe. Kituo kiko Syokimau, kwa hiyo toka Ruiru alfajiri.

2. "Niaje" iache stendi ya Thika. Mzee mwamkie shikamoo, akuitikie marahaba, umuulize habari za nyumbani. Bei mtazungumza baadaye.

3. Kabla ya ufuo wa Diani, ingia Kaya Kinondo. Hapa usiwe na haraka. Sisi wa Thika tunasimuliana habari za mugumo wa mtabiri Mugo wa Kibiru, mti mtakatifu ulioanguka mwaka 1963 ukoloni ulipokuwa ukiisha, na bustani ya Mugumo bado tunayo mjini. Basi kaya utaielewa upesi: ni msitu wa wazee wa Kimijikenda, mahali pa makaburi na maombi, na Kinondo ni mojawapo ya zile zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Mwongoza njia akisema hapa hapapigwi picha, simu iweke mfukoni. Usitoke na chochote, hata jani kavu.

4. Ukionyeshwa kigango dukani, kiache. Ni mti uliochongwa kumkumbuka mzee aliyekufa, na vingi viliibwa kwa Wagiriama vikauzwa hadi Marekani. Mimi jambo hili huniuma.

5. Gazi, tembea juu ya daraja la mbao la akina mama, katikati ya mikoko. Kijiji hiki hulinda mikoko yake na kuuza hewakaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Pesa zake zimeleta maji na vitabu vya shule.

6. Disemba ni kaskazi, bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi. Hata hivyo nahodha ndiye mwenye neno: muulize maji yanajaa saa ngapi, na akisema leo hatutoki, hamtoki. Vaa jaketi la kuokolea, hata kama unajua kuogelea.

7. Shimoni, shuka pangoni walimofungiwa watumwa wakingoja kupelekwa Unguja. Nyamaza kidogo mle ndani. Kisha panda mashua uende Wasini, ukaone bustani ya matumbawe ya akina mama wa kisiwa, maji yakiwa yametoka. Kaa wa nazi mwagize kabla hujaanza kutembea. Kumpika huchukua muda, na mpishi hapendi kuharakishwa.